Mdogo wangu, anza na kipindi cha kawaida

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya mpango wako wa kuwasaidia wanafunzi, kwanza harakaharaka, kisha nikairudia kalamu mkononi. Nimefurahi kwamba kazi hii umekabidhiwa wewe, maana watoto unawapenda na huwachoki. Nakujibu hadharani kwa sababu walimu wengi hupewa jukumu kama lako na wengi huanza kama ulivyoanza: klabu ya mdahalo, klabu ya sayansi, siku ya vipaji, mgeni wa kuwatia moyo wasichana, mgeni mwingine wa wavulana, na masomo ya ziada jioni.

Yote hayo mazuri. Ila hebu piga hesabu ya muda. Klabu hukutana mara moja kwa wiki, na mwanafunzi huyohuyo yuko darasani kila siku ya masomo, kipindi baada ya kipindi. Ikiwa humo darasani anaulizwa swali na kunyang'anywa kabla hajalifikiria, daftari linarudi na alama nyekundu bila neno, na mada inasonga mbele yeye akiwa ameachwa mbili nyuma, mgeni wa saa moja hawezi kumjengea imani ambayo wiki nzima inabomolewa. Ndiyo maana ombi langu kwako ni moja tu: mpango uanzie kwenye kipindi cha kawaida, klabu na sherehe zifuate.

Chukua jambo la kimya baada ya swali. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vya sayansi katika shule za msingi na kupima muda ambao walimu husubiri jibu. Aligundua kwamba walio wengi husubiri sekunde 1 hivi, kisha humtaja mwingine au hujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kujibu bila kutajwa, na waliokuwa wakinyamaza au kusema "sijui" walipungua. Sekunde 3 hazihitaji bajeti wala kikao cha kamati. Lakini jaribu kusimama mbele ya darasa ukae kimya hivyo, utaona zilivyo ndefu. Mwalimu huhisi kipindi kinamponyoka. Kwa hiyo usiishie kuwaambia walimu wenzako wasubiri; wafanye mazoezi, mmoja afundishe na mwingine akae nyuma akihesabu.

Kwenye kusahihisha nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nguvu nyingi za mwalimu huishia na faida kwa mwanafunzi huwa ndogo kuliko jasho lililotoka. Mwaka 1988 mtafiti wa elimu, Ruth Butler, alichapisha utafiti wake uliowagawa wanafunzi katika makundi. Wa kwanza walirudishiwa kazi ikiwa na maoni tu, wa pili alama tu, wa tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake waliendelea vizuri na hamu yao ya kazi ilibaki juu. Waliopata vyote viwili walilingana na wale wa alama tu. Alama ilipokuwepo, maoni yalipoteza kazi yake. Mwanafunzi aliyeona 4 kati ya 10 hana haja ya kusoma kilichoandikwa pembeni. Kwake hukumu imeshatoka. Aliyeona 9 naye hana haja, ameshashinda.

Sisemi mfute alama shuleni. Wazazi wanazitaka, na mitihani ipo. Nasema hivi: kwa mazoezi ya katikati ya mada, daftari lirudi na sentensi moja au mbili zinazomwonyesha mtoto alipofika na hatua inayofuata. "Umepanga hesabu vizuri hadi mstari wa tatu. Rudia hapo ulipohamisha namba upande wa pili, uangalie alama yake ya kujumlisha au kutoa." Kisha apewe muda wa kuirekebisha humohumo darasani, mwalimu akiwepo. Bila muda huo maoni ni mapambo. Na usiandike "ongeza bidii". Mtoto haambiwi bidii hiyo aiweke wapi, na mara nyingi alishajitahidi tayari.

Sasa nije kwenye masomo ya ziada. Rasimu yako inasema wanafunzi dhaifu watabaki jioni kurudia mada za wiki. Naomba ulifikirie upya. Mwanafunzi ambaye hawezi kusoma aya moja bila kukwama hatasaidiwa na kurudiwa mada ya wiki hii, hata ukiirudia mara kumi, kwa kuwa pengo lake liko miaka miwili au mitatu nyuma. Shirika la Pratham la India limefanya kazi kubwa hapa. Watoto hupimwa kwanza kwa kuzungumza nao mmoja mmoja: anajua herufi, neno, aya, au hadithi nzima? Halafu kwa sehemu ya siku hukaa katika makundi kulingana na walipofikia, bila kujali darasa walilosajiliwa wala umri, na hufundishwa kuanzia hapo. Tathmini kadhaa za wachumi zimeonyesha kwamba njia hii huinua usomaji wa watoto walioachwa nyuma. Mimi naipenda kwa sababu nyingine pia. Mtoto habaki kundi moja mwaka mzima; akivuka neno anahamia aya, na anajua kwamba amevuka. Hilo linamjenga kuliko hotuba.

Jambo jingine, masomo hayo ya ziada yasiwe jioni kama unaweza kukwepa. Wanaokuwa na majukumu nyumbani au safari ndefu ya kurudi ndio hao hao mpango umewalenga, na hawatabaki. Tafuta nafasi ndani ya ratiba. Mwalimu wa taaluma atalalamika kidogo, mvumilie, ila usikubali kuahirisha.

Kuhusu kurudia masomo kwa ajili ya mtihani, nitasema kwa kifupi. Waambie walimu wawafundishe wanafunzi kujiuliza maswali huku daftari limefungwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Maswali matatu ya somo lililopita mwanzoni mwa kipindi, yasiyo na alama, yanatosha.

Umeandika pia kuhusu kazi za makundi. Unajua zinavyokwenda: mmoja anafanya, wanne wanaandika majina yao. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elliot Aronson, alikutana na tatizo zito kuliko hilo mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, watoto wa rangi tofauti walipoanza kusoma pamoja kukiwa na uhasama. Akagawa somo vipande, kila mwanafunzi akapewa kipande chake, akakijifunza pamoja na wenzake wa makundi mengine waliopewa kilekile, kisha akarudi kuwafundisha wa kundi lake. Hakuna aliyeweza kufaulu bila kumsikiliza mwenzake. Kwa mtoto mnyamavu, siku ambayo wenzake wanamhitaji ili waelewe somo ni siku kubwa sana. Weka hili katika mpango kabla ya siku ya vipaji, kwa sababu jukwaani watapanda walewale ambao tayari hawaogopi.

Na hao wanyamavu, uwatafute wewe. Mpango wowote unaosubiri wanafunzi wajiandikishe huwapata wenye ujasiri kwanza. Pita darasani uangalie nani anakunja macho akitazama ubao, nani anageuza kichwa ili asikie kwa sikio moja, nani hajatajwa jina wiki nzima. Mara nyingine msaada wenyewe ni kumhamishia mtoto dawati la mbele na kumshauri mzazi ampeleke akapimwe macho. Nimeona mpango mzima wa ushauri nasaha ukiandikwa kwa mtoto ambaye hakuwa akiuona ubao.

Umependekeza baraza la wanafunzi. Naliunga mkono kwa sharti kwamba lipewe mambo ya kweli ya kuamua, na kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi, hata jibu likiwa hapana, sababu zikitajwa. Viranja wa kusimamia usafi na kuandika majina ya wapiga kelele mnao tayari. Baraza lisiwe kundi la pili la kazi hiyohiyo. Waulize, kwa mfano, ni kipindi gani huelewa zaidi na mwalimu hufanya nini humo. Walimu wengine watachukia swali hilo. Litengenezwe kwa heshima, lakini liulizwe.

Mwisho wa muhula usitoe ripoti ya idadi ya waliohudhuria klabu. Chagua madaftari machache ya wanafunzi waliokuwa nyuma, ulinganishe kurasa za mwanzo wa muhula na za mwisho: majibu yamerefuka? Makosa yaliyoonyeshwa yalirekebishwa? Hiyo ndiyo ripoti nitakayoisoma kwa hamu.

Rasimu ya pili nitumie kabla muhula haujafunguliwa. Ukurasa wa kwanza uwe na majina ya walimu wawili au watatu waliokubali kukaribishana madarasani, na kipindi watakachoanza nacho.

Dada yako akupendaye