Simu Yako Haijafungiwa, Imebadili Anwani

Sisi tunaoweka Wi-Fi maofisini, malalamiko ni yaleyale: "Mmetula hela, mtandao mliotuwekea umeanza kukataa simu." Mteja mmoja alituita matapeli mbele ya wafanyakazi wake. Tukafungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yake, tukakuta anwani ya MAC, yaani namba ambayo ruta huitambulia simu, inaanza na 7A. Basi, kazi ya kutafuta kosa ikaishia hapo. Tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, A au E, hiyo si anwani ya kiwandani, simu imejitungia.

Kila kifaa cha Wi-Fi hutoka kiwandani na anwani ya MAC yenye tarakimu 12, 0 hadi 9 na A hadi F. Kwa kawaida sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, naye huzipata kwa IEEE, shirika la viwango vya kiufundi. Kwa kuwa haikuwa ikibadilika, mwenye kipokezi barabarani aliweza kujua simu ileile imepita jana na leo, hata kama hukujiunga na mtandao wake. Mwaka 2013 jijini London mapipa ya taka yalibainika yakirekodi simu za wapita njia kwa namna hiyo, mpaka mamlaka ya eneo ikataka zoezi likome. Ndiyo maana Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani tofauti kwa kila mtandao. Ukiifuta simu yote na kuianza upya, inakuja na nyingine, na orodha ya simu zilizosajiliwa kwenye ruta haiitambui tena.

Sasa kuna wanaotuambia, "Achaneni na nenosiri la kila mtu, sajilini tu simu za watu wangu." Ni rahisi kweli. Lakini anwani hiyo hurushwa hewani waziwazi hata kwenye mtandao wenye WPA2, ulinzi wa Wi-Fi wa nenosiri. Mwenye programu ya kunasa mawasiliano huiona na kuivalisha kifaa chake. Ofisi moja ilikataa bei yetu ikawekewa usajili wa simu tu, na mtandao ukaachwa bila nenosiri. Jirani akajipakulia intaneti, wenyewe wakiongeza kifurushi kila mara na kulaumu ruta. Walipotuita walilipia kubomoa, kisha wakalipia kujenga.

Bei yetu ina kumpa kila mtumiaji jina na nenosiri lake, na wageni kuwekewa mtandao wao. Printa na kamera tunazisajili kwa MAC, hazitembei na mtu wa kufuatiliwa. Simu ya mtu hatuivui kinga yake ili orodha ipone. Mwenyewe akitaka kuizima kinga hiyo, tunamwonyesha kuizima kwa mtandao wa ofisini peke yake.