Na usingizi nao ulituhama

Mhariri,

Kaunti ya Nakuru ilipofungwa Machi 26, 2021 kwa ajili ya korona, hoteli nilimokuwa nikiosha vyombo ilitutuma likizo bila malipo. Mwenye nyumba bado alitaka kodi yake kila tarehe tano. Unga nilinunua wa kupimiwa, na watoto waliona.

Lakini njaa tuliizoea kuliko hili lingine. Kafyu ilipoanza saa mbili usiku, tulikuwa chumba kimoja na mke wangu, hatusemezani, moyo ukinidunda hadi alfajiri. Siku moja jirani yangu, kinyozi, alilia mbele yangu, mwanamume mzima.

Zahanati ilitupima joto mlangoni basi. Naiomba serikali ya kaunti iweke mshauri nasaha pale pale, bila malipo, kwa ajili yetu watu wa vibarua.

Mwosha vyombo,
Nakuru