YAH: Malalamiko kuhusu bodi ya gari langu, nakala ya Porsche 356 Speedster

Ndugu Meneja,

Gari mlilonikabidhi likiwa linang'aa limepasuka tena palepale lilipokuwa limepasuka kabla hamjaligusa: pembeni mwa bawaba za mlango wa dereva na kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele.

Nilikuja kwenu kwa sababu mnaunda boti za faibaglasi. Karatasi ya makadirio yenye muhuri wenu inasema nyufa zitachimbwa hadi kwenye faibaglasi isiyo na ufa, zitawekwa matabaka ya mati (mkeka wa nyuzi za kioo) na resini (gundi ya kuzigandisha nyuzi hizo) kwa nyuma, na nguzo za milango zitatiwa fremu ya mabomba ya chuma. Hiyo fremu niliisisitiza mwenyewe. Speedster halisi, zilizoanza kutoka mwaka 1954, zina bodi ya chuma iliyochomelewa pamoja na sakafu. Langu ni ganda la faibaglasi lililokalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyokatwa kama sentimita 30 na kuungwa upya, tena halina paa la kulisaidia. Kila likipanda tuta linajipinda, na mlango mzima unaning'inia kwenye ganda hilo.

Nilipofungua kava la ndani ya nguzo, sikukuta bomba hata moja. Bawaba zimefungwa kwa boliti na washa ndogo juu ya faibaglasi tupu. Mati mliyoongeza niliivuta kwa ukucha ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake uso wa zamani bado unateleza. Haukuguswa na msasa, na resini haishiki mahali pa namna hiyo. Pembeni nyuzi ni nyeupe na kavu, resini haikuzifikia. Kwa nje, nyufa zimezibwa kwa pati nene. Pati ni ya kusawazisha, haibebi uzito. Mafundi wanaounda boti wanayajua haya kuliko mimi.

Rangi imepigwa vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma, maana sasa lazima ikwanguliwe.

Nataka gari lirudi karakana kwa gharama zenu. Pati na mati mbovu ziondolewe, uso upigwe msasa mkavu wa namba 40 au 80 na kufutwa kwa asetoni kabla ya kuweka mati mpya. Fremu ichomelewe, na niitwe niione kabla haijafunikwa. Rangi isipigwe mpaka resini imekauka kabisa. Kama kazi hiyo hamuiwezi, nirudishieni fedha zote za kuimarisha bodi pamoja na za rangi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka lalamiko Tume ya Ushindani. Nimeambatanisha picha za nguzo zote mbili na nakala ya makadirio yenu. Kile kipande cha mati ninacho, nitakuja nacho.

Mteja wenu,
Dar es Salaam