Alama za Jirani

Manyoni, Singida
Jumapili usiku

Somo yangu,

Salaam kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Sisi wazima, mtoto kikohozi kimemwachia. Kitenge chako kilifika salama, ila fundi wa huku amekikata mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na ananiambia ndiyo mtindo. Hayo tutayazungumza kwenye simu. Leo nakuandikia kwa sababu lililonikuta halielezeki kwa simu, ningelia katikati na vocha ingeisha.

Unajua tangu Januari mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Watu wakisikia hivyo wananipongeza. Kazi yenyewe ni kuwafukuzia walimu walete alama, kupanga ratiba ambayo kila mtu ataichukia, na kukesha na kompyuta ya shule ambayo herufi A haiandiki mpaka uibonyeze kwa kidole gumba. Mtihani wa muhula ulipokwisha Juni, wenzangu wakaenda likizo, mimi nikabaki najaza alama za kidato cha tatu. Watoto 143, mikondo miwili, masomo tisa. Nilitaka shule ikifunguliwa Julai matokeo yawe tayari kwa kikao cha wazazi, maana mkuu wa shule alikuwa ameshamwalika diwani awe mgeni rasmi na kugawa zawadi.

Katika mkondo wa B kuna mtoto mmoja, namba 38 kwenye orodha, alifanya mtihani kisha akahama likizoni. Nikalifuta jina lake. Jina tu, somo. Alama zake zikabaki pale pale, na majina yote ya chini yake yakapanda hatua moja. Kuanzia hapo mpaka namba 71 kila mtoto akavaa alama za jirani yake wa juu. Kule mwisho ulibaki mstari mmoja wenye alama lakini hauna jina. Niliuona kabisa. Ilikuwa saa saba usiku, nikasema hii takataka imetoka wapi, nikaufuta nao.

Nikapanga nafasi, nikachapa, nikabandika kwenye ubao wa matangazo. Ijumaa wazazi wakaja. Turubai lilifungwa kwenye mwarobaini, diwani akahutubia kama kawaida yake, tukaanza zawadi. Wa kwanza na wa pili wa kidato cha tatu walitoka mkondo wa A, hao hawakuguswa. Wa tatu nikasoma jina la binti mmoja wa mkondo wa B ambaye, nikuambie ukweli, sijawahi kumsikia akitajwa popote. Si mtukutu, si hodari, yupo tu. Mama yake alikuwa amekaa nyuma kabisa pamoja na kina mama wengine waliotoka shambani. Somo, yule mama aliposikia jina la mwanawe alisimama kwanza kama mtu aliyeitwa mahakamani. Halafu akapiga vigelegele mpaka diwani akacheka. Kaunta buku mbili, kalamu nne na boksi la kompasi, ndiyo zawadi yenyewe. Mama akambeba binti yake mgongoni, jitu zima la miaka kumi na saba, akazunguka naye mbele ya wazazi.

Jumatatu asubuhi binti mwingine akanigongea ofisini. Kashika karatasi zake zote tisa za mtihani, kazifunga kwa kamba ya katani. Ubaoni alikuwa wa 61. Hakulalamika, aliniambia tu: "Madam, naomba unisaidie kujumlisha, labda mimi ndiye ninayekosea." Nikajumlisha. Nikarudia. Yeye ndiye alikuwa wa tatu.

Nilikaa pale nikahisi miguu imeniisha nguvu. Na usidhani ni suala la kaunta buku. Matokeo ya kidato cha tatu yanaingia kwenye alama za maendeleo zinazopelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, zile zinazobeba 30 katika 100 za mtihani wa kidato cha nne. Kama yule binti angenyamaza, kosa langu lingetembea na watoto wale mpaka kwenye cheti.

Lakini lililoninyima usingizi ni hili. Walioguswa ni 33. Watatu walipanda nafasi zaidi ya arobaini kwa usiku mmoja, wengine wakaporomoka. Karatasi zao za majibu walikuwa wamesharudishiwa, wanazo madaftarini. Tangu Jumatano hadi Jumatatu walisimama mbele ya ule ubao, wakatafuta jina, wakavuta kidole mpaka kwenye namba, wakaondoka. Aliyekuja ofisini ni mmoja. Waliobaki waliamini ubao kuliko karatasi walizoziandika kwa mikono yao. Nilimwita kijana mmoja, nikamuuliza, wewe Historia ulipata 58, ubaoni umeandikiwa 33, hukushtuka? Akasema, "Nilijua ndiyo nafasi yangu, madam."

Nikatukumbuka sisi. Wewe wa kwanza, mimi wa pili, miaka minne mfululizo, mpaka tukamaliza 2006. (Na leo wa kwanza anauza vitenge Muheza na ana nyumba, wa pili anakula vumbi la chaki kwenye nyumba ya serikali, lakini hilo tuliache.) Unakumbuka mkuu wetu alivyokuwa akiita kumi bora mstarini, kisha anaita kumi wa mwisho wasimame upande wa pili, na shule nzima inazomea? Tulizomea, mimi na wewe, kwa sauti kubwa. Juzi nimejaribu kukumbuka jina la hata mmoja wa wale wa upande wa pili. Nimekosa kabisa.

Yule binti wa vigelegele nilimwita wakati wa mapumziko, peke yake. Kabla sijafungua mdomo akaweka kaunta buku moja mezani. Nyingine, akasema, ameshaandikia kurasa tatu za Biolojia.

"Ulijua?"

"Ndiyo, madam."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposoma jina. Kemia mimi nilipata 31."

"Mbona hukusema?"

Akatazama chini. "Mama alishapiga vigelegele."

Ningemwambia nini, somo? Nikamrudishia kaunta buku yake. Za yule mwenzake nimezinunua dukani kwa pesa yangu, na kalamu, na kompasi, nikamwomba radhi mbele ya darasa zima. Nilisema kosa ni langu na nikaeleza lilivyotokea, mstari kwa mstari, bila kumtaja yule aliyepewa. Wanajua wote, bila shaka. Lakini hakuna aliyecheka, na hilo lilinishangaza.

Kikao cha walimu kilikuwa kirefu. Mkuu alitaka tubandike orodha mpya kimya kimya, maana picha za diwani zilishasambaa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Mimi nikasema nataka tuache kabisa kubandika majina na nafasi. Kila mtoto apewe karatasi yake: alama zake, wastani wake wa sasa, na wastani wake wa muhula uliopita pembeni. Na zawadi ziwepo za anayepanda kujipita mwenyewe, na za mahudhurio, kwa sababu tuna watoto wanaotembea kilomita saba kuja na saba kurudi na hatujawahi kuwaita mbele hata siku moja.

Mwalimu wa Hisabati akanirukia. "Mtampa zawadi mtu mwenye F?" Nikamwonyesha. Kuna kijana wake alikuwa na 12 muhula uliopita, sasa ana 29. Hakuna aliyepanda hivyo kidato kizima, na katika Hisabati, somo linaloangusha nchi nzima kila mwaka. Lakini D inaanzia 30, kwa hiyo kwenye orodha ni F na tena F, na nafasi yake imesogea tano tu. Nikamkumbusha kuwa enzi zetu shuleni D ilianzia 21, kijana huyo angekuwa amefaulu. Akasema enzi zetu ndizo zilizoharibu nchi. Walimu wakacheka, mambo yakapoa kidogo.

Mzee wetu wa Jiografia alisema jambo nisiloweza kulibishia. Ukiondoa ubao, alisema, watoto kama nyinyi wawili mtatoka wapi? Kweli, mimi ule ubao ndio ulionisomesha. Baba alikuwa tayari kunitoa shule, akaja kikaoni, akaona namba 2, akaahirisha. Nilinyamaza muda mrefu.

Nikawaambia wenyewe NECTA waliacha kutangaza kumi bora, shule na wanafunzi, tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalipotoka Januari 2023. Mazingira ya shule hayafanani, walisema, na kuzishindanisha hakuna tija. Mkuu akajibu kwamba hata hivyo shule binafsi bado zinatundika mabango stendi, picha za watoto na pointi saba zao, yaani A masomo saba. Basi tumekubaliana nusu nusu: watatu wa kwanza wataendelea kutajwa, orodha nzima haibandikwi tena, kila mtoto atapewa karatasi yake. Zawadi ya kujipita imepita kwa kura moja. Nusura mwalimu wa Hisabati ajitoe kwenye kamati, kisha akajitolea kuinunua yeye. Sijamwelewa bado.

Sasa sikia mwisho wake. Jana jioni nipo uani nachambua mboga, nasikia hodi. Ni yule mama. Kaja kwa miguu na jogoo mkubwa mwekundu kwapani, jogoo wa Singida hasa, kafungwa miguu kwa kitambaa. Binti hajamwambia. Mama akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mwalimu, tangu Ijumaa ile anaamka saa kumi alfajiri anasoma mwenyewe, simwamshi. Umemfanyaje?" Nikasema asante mama. Nikampa maji. Nikapokea jogoo.

Nimemfunga kwenye mguu wa benchi nje ya dirisha. Ni saa tatu usiku naandika na amewika mara mbili, hana habari na saa. Nimeshabandika maji jikoni, nimeyaepua, nimeyabandika tena. Niambie wewe, somo, uliyekuwa ukinizidi alama moja kila mara: nimchinje, au nimrudishe na niseme?

Nijibu haraka, kesho kutwa unga unaisha.

Somo wako