Kwa Waziri wa Elimu: Mtoto akirudi, apate darasa lake

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Buruburu. Mimi ni mzazi, tena mwalimu. Pamoja na wenzangu tunataka kuanzisha hapa Nairobi tawi la shirika la kubadilishana wanafunzi: wetu akae mwaka mmoja na familia ya ng'ambo, wa kwao akae kwetu.

Usajili hautusumbui sana. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilianza kutumika Mei 2024, na masharti yake tumeyasoma. Yanayotukwamisha yako mikononi mwako.

Mashirika haya huanzia nyumbani mwa watu. Youth For Understanding ilizaliwa mwaka 1951, vijana wa Kijerumani walipopelekwa Michigan, miaka sita tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakalishwa na kulazwa na familia za nchi iliyokuwa adui yao. Sasa kwetu shule nyingi za upili zinazosifika ni za bweni. Mgeni akipelekwa huko, familia yake ya mtaa wa Umoja au Kayole itamwona likizo tu, na atarudi kwao akiijua kengele ya alfajiri kuliko anavyomjua mama mwenye nyumba. (Githeri ya shule nayo ni elimu, sikatai.) Tunaomba waraka unaoruhusu shule za kutwa kumpokea mgeni hata kama hatafanya mtihani wetu.

Zito zaidi ni kalenda. Mwaka wetu wa masomo huanza Januari. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, Agosti au Septemba. Binti wa jirani yangu aliondoka Agosti, akarudi Juni. Mama yake akaenda shuleni na faili kwapani: ripoti, barua, picha mbili za paspoti. Akaambiwa nafasi imejazwa, atafute kwingine. Mwalimu mkuu hakuwa mkatili. Hakuwa na waraka wa kumkinga akimrudisha binti darasani. Habari ikazunguka ploti nzima jioni ileile, na wazazi waliokuwa wameshachukua fomu zetu wakaanza kuzirudisha moja moja.

Anayeondoka kwa mpango unaotambulika ahifadhiwe nafasi, na akirudi achague mwenyewe: aungane na wenzake au arudie darasa.

Familia za kupokea wageni zipo, hata kwenye nyumba za maji ya mgao, ambako mgeni atabeba mtungi kama sisi. Ukituita wizarani, Jogoo House, tutakuja siku yoyote, isipokuwa wiki za KCSE, maana wengi wetu husimamia mitihani.

Wako,
Mzazi na mwalimu, Buruburu