Dokta Greene na mama aliyeambiwa ana UTI

Ndugu Mhariri,

Ubishi wa wasomaji wako juu ya nani bora kati ya madaktari wa kubuni wa tamthilia tumeufuata tangu mwanzo. Wa Gregory House wa tamthilia ya House wana kelele kuliko wote, wa Meredith Grey wa Grey's Anatomy hawako nyuma, na wapo waliomkumbuka Hawkeye Pierce wa M*A*S*H, mpasuaji mwenye mizaha wa vita vya Korea, vita vilivyopiganwa miaka 3 lakini kwenye televisheni vikachukua 11, kuanzia 1972 hadi 1983. Wote wamepimwa kwa midomo yao: nani ana maneno makali, nani anachekesha, nani anapendwa na nani. Sisi ni wakunga. Tukitazama tamthilia ya hospitali, macho huenda kwenye mikono, na kwa mikono tunamchagua mtu ambaye hakuna aliyemtaja, Dokta Mark Greene wa tamthilia ya ER, yaani chumba cha dharura.

ER ilirushwa na NBC ya Marekani kuanzia 1994 hadi 2009, vipindi 331, na hospitali yake ya kubuni iko Chicago. Aliyeibuni, Michael Crichton, alisomea udaktari Harvard kabla ya kuhamia kwenye uandishi. Greene, aliyeigizwa na Anthony Edwards, ni mpole, ana miwani, na nywele zimeanza kumkimbia. Kwa kuwa George Clooney aliigiza daktari wa kitengo hichohicho cha dharura, si ajabu wengi hawamkumbuki. Hata kijana Carter, ambaye waandishi walikuja kumpeleka mpaka Kisangani kwa wasema Kiswahili wenzetu, anatajwa kuliko yeye.

Kabla ya kumsifu, tuseme yanayotukera, kwa sababu ER nayo haikusalimika. Mstari kwenye skrini unanyooka, mashine inalia mlio mmoja, daktari anashika pedi mbili, anapaza sauti watu wakae mbali, mwili unaruka kitandani, mstari unaanza kucheza. Tamthilia zimeirudia picha hiyo mpaka ndugu wa wagonjwa wanaidai. Ni uongo. Mashine ile ya kushtua haiwashi moyo uliozimika. Kazi yake ni kuutuliza ghafla moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, ili umeme wake wenyewe uanze upya kwa mpangilio. Mstari ukishanyooka, hakuna mtetemo wa kutuliza. Kilichobaki ni kukandamiza kifua, kumpa hewa, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na kutafuta kilichousimamisha moyo.

Kukandamiza nako kuna namna yake. Mikono imenyooka, kifua kinazama sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kinaachwa kiinuke chote. Mwigizaji hawezi kufanya hivyo, maana aliyelala chini yake ni mwigizaji mwenzake mwenye moyo mzima na mbavu zinazovunjika. Ndiyo sababu unawaona wamekunja viwiko, wanatikisa mabega kama wanaokanda unga wa chapati. (Na mgonjwa akiwa na mimba iliyofika kitovuni au kuipita, lazima mtu mmoja alisukume tumbo kushoto kwa mikono, kwa sababu kizazi kizito hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hilo kwenye skrini bado tunalingoja.) Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha hesabu ya watafiti waliotazama vipindi 97 vya ER, Chicago Hope na Rescue 911. Walikuta matukio 60 ya kukandamizwa kifua. Asilimia 75 ya wagonjwa walinusurika papo hapo, na 67 walionekana kutoka hospitalini wakiwa hai. Hospitali halisi hazina idadi kama hizo.

Jambo moja tuwatetee. Wanaocheka kumsikia daktari wa ER akiagiza umeme wa jouli 200, kisha 300, kisha 360 wanamwonea. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa miaka ile, mishtuko mitatu mfululizo kwa mashine za wakati huo. Mwongozo ulibadilika 2005, ukawa mshtuko mmoja, kisha mikono inarudi kifuani palepale.

Sasa kipindi chenyewe. Ni cha 19 katika msimu wa kwanza, kilirushwa Machi 1995. Kiliandikwa na Lance Gentile, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa dharura, kikaongozwa na Mimi Leder, na wote wawili walipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Jodi O'Brien, mjamzito aliyekaribia siku zake, anakuja na mumewe akilalamika kwamba anakwenda haja ndogo kila mara. Greene anampima, anaona maambukizi ya kibofu, anamwandikia dawa, anamruhusu. Kwa lugha ya huku kwetu, kaambiwa ana UTI. Hafiki nyumbani. Kifafa cha mimba kinamkamata, anarudishwa akiwa anatikiswa na degedege.

Watazamaji wengi humwita Greene mzembe. Sisi hatumwiti hivyo, na tunaomba nafasi ya kueleza. Mjamzito kukojoa mara kwa mara ni kawaida, na mjamzito kuwa na UTI pia ni kawaida. Kijiti cha mkojo kinaweza kubadilika rangi kwa protini kwa sababu ya maambukizi, au kwa sababu mkojo umechanganyika na ute wa ukeni, au kwa sababu figo zinavujisha kutokana na presha ya mimba, ile inayozaa kifafa. Rangi ni ileile. Mtu akishapata jibu moja linalomtosha, huacha kutafuta la pili, na UTI ni jibu linalotosha haraka sana. Kinachotenganisha ni mambo ya dakika chache: mkojo wa katikati, uliokingwa baada ya kujisafisha; presha ipimwe mama akiwa ameketi, mkono usawa wa moyo, mkanda ukiwa wa saizi yake, maana mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba na mkubwa kwa mkono mwembamba huishusha. Ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20, ipimwe tena, na mama aulizwe kwa maneno yaliyo wazi: kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu au vimulimuli? Chini ya mbavu upande wa kulia kuna maumivu? Wengi hawasemi wasipoulizwa, huona ndiyo mimba yenyewe.

Kifafa kikishakuja, dawa ni magnesiamu salfeti, na hapa ndipo mikono hukosea hata nje ya televisheni. Dozi ya kuanzia inayotumika sana wodini ni gramu 4 za mshipani, polepole, pamoja na gramu 5 kwenye kila tako, jumla 14. Dawa huja mara nyingi ikiwa na ukali wa asilimia 50. Ya takoni huchomwa hivyo hivyo, pamoja na lignokaini, dawa ya ganzi, kidogo kwa sababu inauma sana. Ya mshipani lazima ishushwe hadi asilimia 20: mililita 8 za dawa, mililita 12 za maji ya sindano. Anayesahau maji anasukuma dawa kali moja kwa moja kwenye mshipa, na pumzi inaweza kukatika. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, kwa kubadilisha tako, mpaka zipite saa 24 tangu kujifungua au tangu kifafa cha mwisho. Kabla ya kila dozi, goti ligongwe liruke, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana dozi inasubiri, na kalisiamu glukoneti gramu 1, ya kuzimua magnesiamu ikizidi, iwe imeshaandaliwa, si ya kutumwa mtu famasi. Juni 1995, miezi mitatu tu baada ya kipindi kile, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa nchi nyingi uliomaliza ubishi wa miaka: magnesiamu ilizuia kifafa kurudi kuliko dawa nyingine mbili, diazepamu na fenitoini.

Turudi Chicago. Ghorofani, kwenye wodi ya uzazi, kumejaa, bingwa wa uzazi anaitwa, anachelewa. Greene anaamua kumzalisha Jodi hapohapo kwa njia ya kawaida, huku amemkadiria mtoto kuwa mdogo kuliko alivyo. Kichwa kinatoka, kisha kinarudi nyuma kama cha kobe. Kila mkunga aliyeona kipindi kile anajua sekunde hiyo. Bega la mbele limenasa nyuma ya mfupa wa kinena, na saa imeanza kuhesabu. Mapaja ya mama yakunjwe mpaka tumboni, msaidizi abonyeze juu kidogo tu ya mfupa wa kinena akitokea upande wa mgongo wa mtoto. Ikishindikana, mkono uingie kuutafuta mkono wa nyuma wa mtoto, au mama ageuzwe akae kwa magoti na mikono. Yanayokatazwa ni mawili, na ndiyo hasa ambayo hofu hushauri: kuvuta kichwa kwa nguvu, kunakochana mishipa ya fahamu ya mkono wa mtoto, na kulikandamiza tumbo kutoka juu, kunakozidi kulikaza bega pale liliponasa.

Greene anafika mpaka hatua ya mwisho kabisa kitabuni, kukirudisha kichwa ndani na kumpasua mama palepale kwenye chumba cha dharura. Mtoto anapona. Mama anatoka damu isiyokatika, anakufa. Hakuna mwovu katika hadithi hii, na kila uamuzi, ulipofanywa, ulikuwa na sababu yake. Gentile hakumpa Greene hata maneno mazuri ya kujitetea. Anamwambia baba habari, kisha anapanda treni kwenda nyumbani na kulia peke yake kwenye kiti.

Wa House wasikasirike. Mtu wao ni mpelelezi, aliundwa awe hivyo. David Shore, aliyeibuni House, alimtoa kwa mpelelezi wa vitabuni Sherlock Holmes, akampa hata nyumba namba 221B kama ya Holmes, na Holmes mwenyewe mwandishi Conan Doyle alimchora kwa kumwangalia Joseph Bell, mwalimu wake wa udaktari Edinburgh. Mpelelezi hawezi kulishwa UTI kila wiki. Na imewahi kusaidia kweli: mwaka 2012, huko Marburg, Ujerumani, Profesa Jürgen Schäfer, aliyekuwa akifundishia wanafunzi kwa vipindi vya House, alipata mgonjwa ambaye moyo, macho na masikio vilikuwa vikishindwa kwa pamoja. Akakumbuka kipindi kimoja, akapima madini ya kobalti. Sumu ilitoka kwenye nyonga ya bandia ya chuma, iliyosagwa na vipande vya nyonga ya kauri iliyovunjika kabla yake. Zuri sana. Lakini anayekaa foleni asubuhi na kadi ya kliniki mkononi hana kobalti.

Kama kuna wa kumweka Greene karibu naye, si wa televisheni kwa asili. Ni yule daktari kijana wa mwandishi wa Kirusi Mikhail Bulgakov, katika hadithi zilizotoka 1925 na 1926. Bulgakov alikuwa daktari, alifanya kazi peke yake kwenye hospitali ya kijijini mkoa wa Smolensk, na hadithi zimetoka humo. Katika mojawapo analetwa mama ambaye mtoto amelala kwa kukingama, kichwa upande huu, miguu upande ule. Leo hapo ni upasuaji, na kuingiza mkono kumgeuza mtoto kumebaki karibu tu kwa pacha wa pili. Wakati ule kugeuza ndiko kulikokuwa njia, na kijana huyu hajawahi kugeuza hata mmoja. Anatoa kisingizio cha sigara, anakimbilia chumbani, anafungua kitabu cha uzazi cha Döderlein, anakuta maonyo matupu: kizazi kinaweza kupasuka, mkono usiende kombo. Anarudi akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Wakati ananawa mikono, mkunga, Anna Nikolaevna, anamsimulia taratibu jinsi daktari aliyemtangulia alivyokuwa akifanya. Maneno yake machache yanamfaa kuliko kurasa zote.

Anaingiza mkono mmoja, mwingine uko juu ya tumbo, anapapasa, anapata mguu, anageuza. Mtoto anatoka hai. Usiku ule anarudi chumbani, anafungua tena Döderlein, na mistari ileile iliyokuwa giza saa chache kabla sasa anaielewa yote.

Wakunga wawili,
Tanga