Rukia, nina ombi la kukutuma Makorora

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko? Watoto, shemeji, bibi? Huku tumeshikwa na joto, umeme umekatika tangu magharibi, nakuandikia kwa tochi ya simu. Najua nimekuwa kimya tangu Idi. Sikukusahau. Niliumwa, na nilipopata nafuu sikujua nianzie wapi kukuhadithia.

Nianze na mdogo wangu Zuhura. Jumatano nimerudi kazini nikamkuta kajikunja kwenye sakafu ya jiko, mgongo kaegemeza gunia la mkaa, kang'ata pindo la kanga, tumboni kabana chupa ya soda yenye maji ya moto. Siku ya kwanza ya hedhi hiyo. Mama yuko pale pale anachambua mchicha. Nikamwambia, mama, mtoto huyu wa kupelekwa hospitali. Akanijibu bila kunyanyua macho: "Chango hilo. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mama mkubwa wako ndiyo usiseme, alikuwa anazimia. Atazoea tu."

Alikuwa anazimia! Miaka yote hii sijawahi kulisikia hilo, na tangu Jumatano halijanitoka kichwani.

Ulijua kwamba mwezi wa tatu nilipasuliwa, ila sikukwambia walichokikuta. Ni endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zimeota nje ya mfuko, na kila mwezi zinavimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe uliojaa damu nzito ya kahawia, kama chokoleti iliyoyeyuka, na utumbo umenata kwenye mfuko wa uzazi. Miaka tisa, Rukia, nimemeza antibayotiki za PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, ambayo sikuwa nayo. Altrasaundi za mwanzo hazikuonyesha kitu, nikarudishwa nyumbani na Panadol. Daktari aliyenipasua akasema si mimi peke yangu. Zamani huko Marekani ugonjwa huu ulihesabiwa wa wanawake weupe. Mwaka 1976 Dk. Donald Chatman wa Chicago akaandika kuwa miongoni mwa wagonjwa wake weusi walioambiwa wana PID, zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na endometriosisi.

Halafu akaniuliza: nani mwingine kwenu anao? Nikamjibu, hakuna. Nilimjibu hivyo kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kutajiwa jina la ugonjwa.

Hapo ndipo aliponieleza habari za kurithi. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya hatari ya ugonjwa huu inatoka kwenye damu ya ukoo, nusu nyingine ni mambo mengine ya mwili na maisha. Si jeni moja kwamba ukiwa nayo basi umekwisha. Utafiti uliotoka 2023 ulilinganisha vinasaba vya wanawake zaidi ya 60,000 wenye ugonjwa na vya watu zaidi ya 700,000 wasio nao, zikapatikana sehemu 42 zinazohusika, kila moja inaongeza hatari kidogo kidogo. Baadhi zinagusa homoni, nyingine zinagusa namna mwili unavyosikia maumivu. Ndiyo maana mpaka leo hakuna kipimo cha vinasaba cha kumwambia Zuhura unao au huna. Na waliopimwa walikuwa wenye asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Sisi watu wa Tanga hatumo. Kwa hiyo wa kuulizwa ni wazee wetu.

Zuhura, ndugu yangu wa tumbo moja, yuko kwenye hatari kubwa kuliko msichana ambaye kwao hakuna mgonjwa. Lakini angalia, mama hakusema kwa ubaya. Yeye aliumia, dada yake alizimia, bibi naye sijui. Angejuaje kuwa si kawaida? Ugonjwa umekaa ndani ya ukoo mpaka tukauona ndio uanamke wenyewe.

Sasa ombi langu. Nenda kwa mama mkubwa hapo Makorora, wewe uko mitaa miwili tu kutoka kwake na anakupenda. Unajua alivyorudishwa kutoka Pangani na sanduku lake la bati, miaka sita ya ndoa, wakasema hazai. Nakumbuka kwenye ngoma ya Mwanaisha walivyomkataza kumpaka bibi harusi hina, eti mikono yake haina baraka. Wenye ugonjwa huu, thuluthi hadi nusu hupata shida ya kushika mimba, wengine huzaa vizuri tu. Lakini nani alimpima? Na yule mume, yeye nani alimpima? Nataka aulizwe taratibu, si kwa haraka ya kupata majibu. Na umwambie kwamba natamani tungemuuliza zamani.

Mama nilimwonyesha habari za Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alivyojitokeza hadharani kusema anaumwa hivi hivi, na 2017 akajaliwa mtoto. Akanyamaza. Baadaye akaniita, "Hebu nionyeshe tena yule dada." Alhamisi ijayo tunampeleka Zuhura kwa daktari, na mama amesema atakuja. Fedha yake nimeitoa kwenye nauli yangu ya kazini ya wiki hii, lakini sijali.

Mimi mwenyewe, tutajaribu tena kutafuta mtoto mwaka huu, inshallah. Hilo nitakuandikia siku nyingine, leo sina nguvu nalo.

Utaweza kwenda kabla ya Alhamisi? Muulize mama mkubwa: alianza hedhi na umri gani, na maumivu yalianza siku hiyo hiyo au baadaye? Aliwahi kupasuliwa? Akienda haja siku zile aliumia? Bibi je, anakumbuka lolote? Na wewe, binti yako ametimiza kumi na mbili sasa, ameshaanza? Ulipokuwa unakosa shule darasa la saba, ilikuwa tumbo kweli, au nakosea?

Nipigie ukitoka kwake, hata usiku.

Wako,
Mwajuma